Chenga za Chaneli ya Pili

Mzee wangu alikuwa fundi redio Kirumba, Mwanza, kwenye kibanda cha mabati hatua chache kutoka mwaloni. Kila jioni, kabla mitumbwi ya dagaa haijaingia ziwani na karabai zake, wavuvi wawili watatu walipita kibandani kana kwamba wamekuja kuulizia betri. Walichotaka hasa ni kujua redio inasemaje. Mzee aliweka redio kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na kituo, akaongeza sauti, akainamisha kichwa. Ikikwaruza mara mojamoja, kra, kimya, kra, aliwaambia waende. Ikikwaruza kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria ya bisi, alitikisa kichwa, nao walirudi nyumbani na nyavu zao kavu. Hakuwa na cheti chochote cha hali ya hewa. Alijua tu kwamba kila radi, hata iliyo mbali isionekane kwa macho, husikika redioni.

Naanza na mzee kwa sababu yeye ndiye asili ya jambo lililonila miaka yangu mingi hapa ugenini: kujaribu kutabiri tornado kwa kupima nguvu ya mawimbi ya redio, nikiwa Des Moines, Iowa, katikati ya Marekani.

Neno lenyewe kwanza. Kiswahili kina kimbunga, lakini kimbunga tulichokizoea ni kile cha baharini, kama Idai kilichoipiga Beira Machi 2019, kipana mamia ya kilomita, ambacho satelaiti inakifuata siku kadhaa kabla hakijatua. Tunacho pia kisulisuli, au chamchela, ule upepo wa kiangazi unaozungusha vumbi na mifuko uwanjani huku watoto wakiukimbiza. Tornado ina umbo la chamchela, na ukali wake unaweza kuupita upepo wa kimbunga chochote cha baharini. Huning'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, mara nyingi haifiki upana wa kilomita moja, na nyingi huisha ndani ya dakika chache. Marekani hupata takriban 1,200 kwa mwaka. Udogo na ufupi huo wa maisha ndio unaowashinda watabiri. Kwa hiyo nitaiita tornado tu.

Nilifika Iowa 2016, nikapata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tarehe 19 Julai 2018 tornado ziliipiga miji ya Pella na Marshalltown alasiri moja. Marshalltown ni mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwangu. Upepo uliangusha kilele cha mnara wa mahakama ya kaunti, ukang'oa mapaa na kuvunja viwanda, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba ving'ora tunavyovisikia vikijaribiwa havikuwekwa kwa ajili ya mazoezi.

Kazini, tahadhari ikitoka, tunawasogeza wazee kwenye korido, mbali na madirisha. Viti vya magurudumu vinapangwa ukutani, kila mmoja na blanketi lake. Mzee mmoja, mkulima wa mahindi wa zamani, aliniambia tukiwa kwenye korido hiyo: "Zamani tungekuwa tunatazama chaneli ya pili." Nilidhani anachanganya mambo, kama wazee wengine wanavyochanganya usiku. Hakuwa anachanganya. Alinieleza hatua kwa hatua, na mikono yake ikizungusha vitufe hewani.

Katika miaka ya 1960, Newton Weller, mkazi wa West Des Moines, mji ulioungana na huu ninaokaa, aligundua kitu kwenye televisheni yake. Unawasha TV na kuiacha ipate moto. Unaweka chaneli ya 13, unapunguza mwanga mpaka kioo kinakaribia kuwa cheusi kabisa. Kisha, bila kugusa kitufe kingine, unahamia chaneli ya 2. Radi ikipiga, mistari myeupe inakatiza kioo kwa ulalo. Mistari ikiongezeka, dhoruba inakaribia. Kioo kizima kikiwaka kwa weupe usiokatika, tornado iko jirani, chukua watoto ushuke besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Habari ilisambaa mikoa yote ya kati ya Marekani, na kuna familia ambazo hadi leo zinaisimulia kwa heshima.

Nilipofika nyumbani asubuhi ile sikulala. Maana nilikuwa nimemsikia mzee wangu wa Kirumba akizungumza kwa mdomo wa mkulima wa Iowa. Chenga za TV, zile tulizokuwa tukizipiga makofi zitoke, ni ndugu wa mkwaruzo wa redio. Chaneli ya 2 ilikuwa ya chini kuliko zote, karibu megahezi 55. Nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye radi hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo chaneli ya chini huisikia radi vizuri kuliko ya juu. Lakini kwenye megahezi 55 mawimbi kwa kawaida hayasafiri mbali kupita upeo wa macho, kwa hiyo unachokiona ni radi za jirani zako tu. Kwa chombo kilichokuwepo sebuleni kwa kila mtu, Weller alichagua pazuri sana.

Hakuwa wa kwanza. Alexander Popov, Mrusi, alitengeneza mwaka 1895 chombo kilichogonga kengele radi inapopiga mbali, kabla redio haijamsomea mtu yeyote taarifa ya habari. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Herbert Jones, mhandisi wa umeme katika chuo cha Stillwater, Oklahoma, alielekeza antena kwenye dhoruba akihesabu mipigo ya umeme, akiamini kwamba tornado ina sauti yake ndani ya kelele hiyo. Mwaka 1960 Bernard Vonnegut aliandika kwamba huenda umeme wenyewe ndio unaoisukuma tornado izunguke. Ukiwasoma watu hawa unaona jinsi wazo lilivyokuwa linavutia: kiumbe cha kutisha vile lazima kipige kelele ya namna yake, na mwenye sikio zuri ataitambua.

Televisheni za analojia hapa zilizimwa Juni 12, 2009, miaka mitatu kabla ya Tanzania kuanza kuzima za kwake na kutuletea ving'amuzi. Kwa hiyo nilianza na nilichokuwa nacho, redio ya masafa mafupi na ya kati yenye kipimo cha nguvu ya mawimbi, niliyoinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika. Niliiweka masafa ya kati mahali patupu, nikaandika kwenye daftari kila dakika tano dhoruba ikiwa karibu: saa, sindano iko wapi, mvua, upepo, mawingu.

Tatizo la kwanza lilinichukua miezi kuligundua. Redio karibu zote zina sakiti inayojirekebisha yenyewe: mawimbi yakiwa makali inapunguza usikivu, yakiwa dhaifu inauongeza, ili msikilizaji asishtuke. Sakiti hiyo ni neema kwa mpenda muziki, na kwa mpimaji ni balaa, kwa sababu inabana kilele na kuinua bonde. Nilikuwa ninapima juhudi za redio za kunificha kile ninachokitafuta.

Tatizo la pili ndilo lililonigharimu, na nitalisema kama lilivyotokea.

Tuna kundi la WhatsApp la wasemaji wa Kiswahili mtaani kwetu, familia zaidi ya thelathini: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya wachache. Tahadhari rasmi zinatoka kwa Kiingereza na Kihispania, na wengi wa wazazi wetu hawasomi lugha hizo. Usiku mmoja wa masika 2019 sindano ilipanda kuliko nilivyowahi kuiona, mkwaruzo ukawa mfululizo, bila pumzi. Nikaandika kwenye kundi: "Shukeni besimenti sasa hivi." Watu walinitii. Mama mmoja alishuka ngazi na mtoto wa wiki mbili kifuani. Mzee mmoja aliteleza kwenye ngazi zisizo na taa akateguka kifundo cha mguu. Walikaa chini saa moja na nusu. Nje halikudondoka hata tone.

Kesho yake nilielewa. Usiku masafa ya kati hudundwa na tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana kituo cha redio kiitwacho WHO cha hapa Des Moines, kilohezi 1040, wati 50,000, husikika usiku kwenye majimbo mengi. Kelele za radi nazo hudundwa vilevile. Dhoruba niliyoisikia ilikuwa kusini sana, inanyesha juu ya watu wengine. Na mzee wangu? Alisikiliza jioni jua likiwa bado juu, wakati mawimbi hayo hayajaanza kudundwa. Sikumbuki kumuona akisikiliza usiku wa manane kisha akamwambia mtu lolote. Kanuni ile alikuwa nayo, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nilimpelekea yule mzee aliyeteguka matunda na kumuomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki chache baadaye, ving'ora vya mji vilipolia kweli na baadhi ya familia hazikushuka. "Tulidhani ni ile ya Mwanza," dada mmoja aliniambia. Hawakuumia, dhoruba ilipita kaskazini. Lakini sentensi ile nilitembea nayo muda mrefu.

Nikaacha kutuma ujumbe, sikuacha kupima. Nilinunua kidude cha USB cha kupokea mawimbi, ukubwa wake kama kidole gumba, bei yake kama dola thelathini, nikakiunganisha na laptopu na antena ya waya ukutani. Kidude hicho unaweza kukiamuru kisijirekebishe. Nikakiweka megahezi 55, pale pale pa Weller, ambapo sasa hakuna kituo, na programu ikachora mstari wa nguvu ya mawimbi sekunde kwa sekunde. Radi moja ilikuwa mchomo mmoja. Ulikuwa mchoro mzuri, na nilianza tena kuamini.

Tarehe 10 Agosti 2020, karibu saa tano asubuhi, mbingu ya magharibi ikageuka kijani cheusi. Michomo iliongezeka, ikaungana, halafu sakafu yote ya mstari ikainuka na kubaki juu. Weupe usiokatika. Hiki ndicho Weller alichokisema. Nilimwambia mke wangu, tukashuka na watoto, laptopu mkononi. Kisha umeme ukakatika nyumba nzima, na laptopu ikiendelea kwa betri, mstari ukaporomoka ghafla huku upepo ukiendelea kunguruma juu yetu.

Haikuwa tornado. Ilikuwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya kunyooka: ukuta wa upepo wa dhoruba unaokwenda moja kwa moja bila kuzunguka. Ule wa siku hiyo ulisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa kama 14 hadi Ohio, ukalaza mamilioni ya ekari za mahindi, na huko Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya dola. Kushuka chini kulikuwa sahihi, lakini kwa sababu nyingine.

Nilikaa na mchoro ule siku zote tulizokuwa gizani. Mbona mstari uliporomoka umeme ulipokatika, ikiwa kelele ilitoka mawinguni? Jibu lilikuwa mtaani. Nyaya za umeme zikipigwa na upepo hugusana na matawi, viunganishi vilivyolegea hutoa cheche, na kila cheche ni radi ndogo mbele ya antena. Umeme ukishakatika, cheche zinakufa. Weupe wangu usiokatika, sehemu yake kubwa, ulitoka kwenye nguzo ya kona. Sasa huwa nawaza juu ya wale waliotazama chaneli ya 2 miaka ya 1960 wakaona kioo kikiwaka: wangapi waliona wingu, na wangapi waliona nyaya za mtaa wao zikiungua? Upepo mkali unakuja na tornado na bila tornado.

Aliyenifungulia mlango wa mwisho si mhandisi. Ni mama jirani, anatoka Kabare, karibu na Bukavu, Kivu Kusini. Tulikuwa barazani baada ya mvua, nikimweleza kazi ya antena. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Papa, kwetu radi inapigaka kila siku. Inaua ng'ombe, inaua watu. Lakini hii mupepo ya kuzunguka, mimi niliiona huku Amerika."

Nilinyamaza. Setilaiti ya TRMM ilipohesabu radi za dunia kwa miaka 16, Kabare ilishika nafasi ya pili duniani kote, radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Iowa haifiki hata karibu. Kama kelele za radi zingekuwa sauti ya tornado, basi milima ya Kivu isingekuwa na nyumba iliyosimama.

Kinachokosekana Kivu ni upepo unaobadilika kwa kimo. Shika mwiko katikati ya viganja viwili, kimoja kikienda mbele na kingine kikirudi: mwiko unaviringika. Ndivyo hewa inavyofanya hapa wakati wa masika. Chini unavuma upepo wa joto wenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, juu unapita upepo wa kasi kutoka magharibi, na hewa iliyo katikati inaviringika kwa ulalo. Wingu la dhoruba likiinyonya juu, msokoto unasimama wima na wingu lote linaanza kuzunguka. Karibu na ikweta pepo za juu na za chini hazitofautiani kiasi hicho. Radi ni jambo jingine: zinatokana na chembe za barafu zinazogongana ndani ya wingu na kugawana chaji. Wingu linaweza kujaa umeme bila kuzunguka hata kidogo. Antena yangu ilisikia barafu ikigongana. Mzunguko haupigi kelele redioni.

Na hapo ndipo nilipokwenda Johnston, kaskazini ya mji, ilipo ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa. Kuna mnara wenye tufe jeupe juu yake, na ndani ya tufe antena inayozunguka mchana na usiku. Niliegesha gari barabarani nikaliangalia kwa muda. Ile pia ni redio, karibu megahezi 2,800. Tofauti ni kwamba haingoji. Inatuma wimbi, wimbi linagonga matone ya mvua, linarudi likiwa limebadilika kidogo kulingana na kama matone yanakuja au yanakwenda. Mei 24, 1973, huko Union City, Oklahoma, watafiti walifuatilia kwa rada ya aina hiyo, iitwayo Doppler, tornado tangu msokoto wake ukiwa bado juu ndani ya wingu, kabla haujagusa ardhi. Nguvu ya mawimbi peke yake isingewaambia hivyo. Iliwabidi waulize wimbi limerudi na mwendo gani.

Hata rada hiyo inakosea. Kati ya tahadhari 10 za tornado zinazotolewa nchini, kama 7 hazifuatwi na tornado. Zamani takwimu hiyo ingenipa kiburi. Sasa nikiisoma namkumbuka mtu wa zamu pale Johnston, ambaye kila akibonyeza kitufe kuna mahali mama anashuka ngazi na mtoto kifuani.

Weller naye asidharauliwe. Watafiti walioijaribu njia yake hawakuiona ya kuaminika, na Idara haikuwahi kuipendekeza. Lakini setilaiti ya GOES-16, iliyorushwa Novemba 2016, ilikuwa na chombo cha kuhesabu radi, na watabiri wamejifunza kwamba idadi ya radi za wingu ikiruka ghafla, mara nyingi hewa inapanda kwa nguvu mpya, na mvua ya mawe au upepo wa hatari unaweza kufuata baada ya dakika chache. Yeye alikuwa anaona mruko huo huo, sebuleni, kwa kitufe cha mwanga. Aliusoma kupita kiasi, kama mimi.

Mei 21, 2024, tornado iliingia Greenfield, mji wa watu kama 2,000 kusini-magharibi mwetu. Watu watano walikufa siku hiyo kwenye njia yake. Rada ya kwenye lori ilipima ndani yake upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Nilikuwa nyumbani, kidude kimewashwa. Nimeukagua mchoro wa alasiri ile mara nyingi. Michomo ilikuwa mingi tangu kabla, ikabaki mingi, ikapungua dhoruba ziliposogea mashariki. Dakika ambazo nyumba za Greenfield zilikuwa zinabomoka hazina alama yoyote kwenye daftari langu. Ukinipa karatasi ile bila tarehe sitaweza kukuonyesha ni wapi.

Kwenye kundi la WhatsApp nilirudi mwaka uliofuata baada ya derecho, kwa ruhusa yao. Tahadhari rasmi ikitoka naigeuza Kiswahili neno kwa neno: kaunti ipi, hadi saa ngapi, ufanye nini. Siongezi la antena. Dada yule aliyeniambia "ile ya Mwanza" ndiye hunikumbusha nikichelewa.

Mkulima wa korido alifariki majira ya baridi yaliyopita. Watoto wake waliniletea televisheni yake ya vitufe, nzito kama gunia la sukari, kwa sababu alikuwa amewaambia. Nimeiweka besimenti. Dhoruba ikija, nikishatuma tafsiri kundini na kuhakikisha wote wamenijibu, binti yangu hutaka tuiwashe. Chaneli ya 13, mwanga chini, chaneli ya 2. Tunakaa gizani tukitazama kioo cheusi. Mstari mweupe unapita, naye anaanza kuhesabu kwa sauti, sekunde tatu kwa kila kilomita, kama babu yake alivyonifundisha kando ya ziwa. Juzi alifika ishirini na moja kabla ngurumo haijatufikia.

"Saba, Baba," akasema, akaandika kwenye daftari.